Shukrani Kabla ya Maonyo: 1 Wakorintho 1:1-10

Wahubiri wengi, wakitaka kukemea mafarakano, huanza kusoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho katika 1:10. Twaona usomaji huo una kasoro, kwa kuwa unaliondoa onyo la Paulo katika msingi wake.

Mtume anawaandikia watu waliogawanyika kwa majina ya Paulo, Apolo, Kefa na Kristo. Hata hivyo anatanguliza shukrani, jambo asilolifanya kwa Wagalatia. Je, ni adabu tu ya barua za wakati ule? Hatudhani hivyo. Anamshukuru Mungu kwa usemi na maarifa, yaani karama zilezile zinazoleta ugomvi katika sura ya 8 na ya 14. Wala hawasifu wenye karama, anamshukuru Mtoaji. Kilichopokewa hakiwezi kuwa sababu ya kujivuna, kama anavyohoji tena katika 4:7.

Zaidi ya hayo, neno la kuitwa linatokea katika aya ya 1, ya 2 na ya 9: mtume ameitwa, washarika wameitwa, na wote wameitwa waingie katika ushirika wa Kristo. Basi umoja ni wito uliokwisha kutolewa, wala si tuzo ya waliopatana.

Sisi ambao makanisa yetu saba yaliungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa moja, na tujihoji. Sikukuu ya mavuno inapogeuka kuwa orodha ya wafadhili wanaopigiwa makofi, tumemsahau Mtoaji na kupanda mbegu ya mafarakano mapya. Tusome basi tangu aya ya 1.