Mahari na Sauti ya Mshtakiwa: Uhakiki wa Filamu ya Martyrs of Marriage

Mtazamaji wa Sangailu, Garissa, akiambiwa kuwa filamu hii inahusu sheria ya mahari, huenda akapotea tangu mwanzo. Kwa Wasomali wa huko, yarad hutolewa na upande wa mume kwa jamaa za mke, na meher ni haki ya mke mwenyewe. Nchini India mali hutoka kwa wazazi wa mke kwenda kwa mume. Neno mahari, basi, linapindua kile linachokusudiwa kutafsiri.

Filamu hii ya Deepika Narayan Bhardwaj (2017) inashambulia matumizi mabaya ya kifungu cha 498A, kilichotungwa mwaka 1983 ili kuadhibu ukatili wa mume na jamaa zake. Hoja yake ina msingi: mwaka 2014, katika kesi ya Arnesh Kumar, Mahakama ya Juu iliwakataza polisi kukamata washtakiwa kiholela.

Udhaifu wake umo katika fani. Usimulizi umeegemea waume na wazazi wanaolalamika kusingiziwa, na majonzi yao ndiyo yanayogeuzwa ushahidi. Lakini takwimu za serikali ya India za mwaka huohuo wa 2017 zilitaja zaidi ya vifo 7,000 vya wake vilivyohusishwa na mahari. Marehemu haketi mbele ya kamera.

Hadhira ya Sangailu, iliyozoea wazee kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua, inaweza kuidai filamu uadilifu uleule ambao filamu yenyewe inaidai mahakama.