Lam Suet, Pembeni mwa Steringi

Ukizipenda filamu za Hong Kong, huenda unaijua sura yake bila kulijua jina: bonge la mtu, mashavu mazito, macho yanayohangaika. Lam Suet alizaliwa Tianjin, China, mwaka 1964. Alipohamia Hong Kong alianza na kazi za nyuma ya kamera, akipewa vinafasi vya kupita tu, hadi mwongozaji Johnnie To alipoanza kumtumia filamu baada ya filamu.

Kwenye The Mission, ya mwaka 1999, watu watano, Lam akiwa mmoja wao, wanamlinda bosi wa genge. Wenzake wana mikao ya kishujaa. Yeye ana karanga. Anatafuna, anaangalia, anatafuna tena. Kwa karanga hizo tunaelewa kwamba kazi ya mlinzi, saa nyingi, ni kungoja. Halafu risasi zikianza, mtu huyuhuyu anajipanga na wenzake kwa utulivu unaotisha.

Lakini kipaji chake chote nakiona kwenye PTU, ya mwaka 2003. Sajini Lo, anayeigizwa na Lam, anaingia mgahawani usiku. Meza anayoitaka imekaliwa na kiongozi wa kundi la vijana wahuni. Lam hapandishi sauti hata kidogo. Anasimama tu, tumbo mbele, kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, na mhuni anahama, naye anawahamisha vijana wake. Ubabe wote wa askari yule umo katika namna anavyokalia kile kiti.

Muda mfupi baadaye anateleza kwenye ganda la ndizi akiwafukuza vijana wale, anapigwa, na bastola yake inapotea. Ganda la ndizi! Mwigizaji mwingine angetafuta kicheko hapo. Lam anaanguka kwa uzito wake wote, na tangu dakika hiyo tunamtazama mtu anayengoja kupandishwa cheo akiuficha mkosi wake mpaka alfajiri, kichwa kimefungwa bendeji. Anafikia hata kuipaka rangi nyeusi bastola ya mchezo ili ifanane na ya kweli. Haombi tumhurumie, wala hajipendekezi kwetu. Ule ubabe wa mgahawani bado anaujaribu, ila sasa mabega yameshashuka, na kila anayemtazama usoni anamtia hofu.

Mwaka 2007, kwenye Mad Detective, alipewa kuigiza nafsi moja tu kati ya saba za mtu mmoja: ile iliyo na woga. Steringi wengi wangeikataa.

Na kwenye Election, ya mwaka 2005, kuna kipigo ambacho sijaweza kukizoea. Anapigwa kwa gogo, tena na tena, huku akikariri viapo vya genge lake. Sauti inakatika, pumzi inakwisha, maneno yanaanza kupondeka mdomoni. Gogo linashuka tena, naye anaanza kiapo kinachofuata.