Ramani, Fisi na Wito wa Krapf

Ukikaa Ukunda miaka miwili mitatu, ushuhuda wa wito utaujua kwa moyo. Kijana alikuwa gizani, kazi haishiki, akafunga na kuomba, usiku akasikia sauti ikimwita kwa jina, asubuhi akaamka anajua kusudi lake. Leo ana huduma, ana kipaza sauti, ana gari. Makofi. Nimeusikia hemani, nimeusikia kwenye simu, na kila mara najiuliza: kwani ile miaka ya katikati ilienda wapi?

Ndiyo maana nataka kuongea juu ya kitabu kinachotajwa sana na kusomwa kidogo, Travels, Researches and Missionary Labours, kilichotoka London mwaka 1860. Mwandishi ni Johann Ludwig Krapf. Krapf wa shuleni tunamjua sote: Mombasa 1844, Rabai 1846, akauona Mlima Kenya 1849, mtihani umeisha. Krapf wa kurasa za mwanzo ni mtu mwingine kabisa.

Ni mtoto wa mkulima wa Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Anapata kitabu cha ramani, na akifungua upande wetu huu anakuta karatasi karibu tupu. Muuza vitabu mmoja anamwazima simulizi za safari za Uhabeshi, zinazotaja fisi. Mtoto anaanza kuwaza kama nchi ile iko tupu hivyo kwa sababu ya wingi wa fisi. Hakuna sauti ya usiku hapo, bana. Kuna ramani na fisi.

Habari za umisionari zinakuja baadaye, shuleni, na mwaka 1827 anaingia chuo cha wamisionari cha Basel. Wahubiri wetu wangemalizia hapo. Yeye anaendelea kutuambia alivyotoka chuoni akiwa na mashaka kama kweli ameitwa, akarudi kusomea theolojia Tübingen, akawa msaidizi wa mchungaji kijijini, akahubiri habari za mwisho wa dunia hadi wakubwa wake wakamjia juu, akaishia kufundisha watoto wa watu nyumbani kwao. Aliyemrudisha njiani ni rafiki, Msweden Peter Fjellstedt, kwa mazungumzo tu. Anaondoka kwenda Uhabeshi 1837. Miaka kumi ya kuyumba, na ameiacha kitabuni. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya kitabu chote.

Akishafika pwani, mashaka yanakauka, na kitabu kinapungua ladha. Mkewe Rosina alisafiri hadi Misri mwaka 1842 kuolewa naye. Mtoto wao wa kwanza alizikwa safarini. Julai 1844 Rosina mwenyewe akafa Mombasa, na mtoto mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf analigeuza kaburi hilo kuwa ishara kwamba kazi ya Mungu imeanza kwenye ufuo huu. Nakubali huzuni ya mtu ina lugha yake. Lakini Rosina naye aliacha kwao, naye aliitwa na kitu, na hatusikii ni nini. Wito katika kitabu hiki una mwenyewe mmoja, wengine ni mizigo ya safari.

Sisi wa Kwale tunaingia Julai 1848. Krapf anatoka Rabai kwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, na njia inapita Shimba na nchi ya Wadigo. Kichwani ana mpango wake mkubwa, mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi Afrika Magharibi. Kwa mpango wa namna hiyo, Shimba ni mahali pa kupita. Leo msafiri wa Diani anavuka Likoni vilevile, macho yako mbele.

Jirani yangu ni mpishi wa hoteli ufukweni. Desemba, wageni wakijaa, Jumapili yake ni zamu tangu alfajiri. Mvua za Aprili zikija anaambiwa apumzike nyumbani, bila mshahara, na ndipo anapata nafasi ya kuketi ibadani na kuulizwa, ndugu, wito wako ni upi? Siku moja aliniuliza kama kupika kunahesabika. Alimaanisha, wala hakuwa anatania. Tena katika nchi hii neno lenyewe limechafuka: walimu wakidai mshahara, wanakumbushwa kwamba ualimu ni wito.

Nilipomjibu nilimtajia Mringe. Ni Mmijikenda wa Rabai, mtu mwenye ulemavu, na hakuna aliyemhesabu kuwa wa maana. Krapf aliyekuja na mpango wa bara zima anajikuta akiongea na mtu huyu, akimsikiliza kweli. Mringe hakuanzisha huduma. Alibatizwa akiwa karibu kufa, akafa. Ule mnyororo haukufika popote enzi zake, Krapf aliondoka 1853 akiwa mgonjwa, ila kurasa za Mringe bado ziko hai. Laiti tungepata maneno ya Mringe mwenyewe, si yaliyopitia kalamu ya Mjerumani.

Kitabu kinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza cha kizamani kidogo. Anza na Derendingen. Safari ndefu za bara ruka ukichoka, lakini Mringe usimruke.