Goma katika sinema: bandari iko wapi?

Mutu wa mbali akisikia Goma, anafikiri volkano, vita na kambi. Sinema na televizyo ndizo zilimufundisha hivyo. Hata Mugunga yetu, dunia iliijua kwa kamera za mwaka 1994, wakati wa wakimbizi wa Rwanda.

Tutwae filme Virunga ya Orlando von Einsiedel (2014). Ni kazi nzuri: tunaona ushujaa wa walinzi wa mbuga, tamaa ya mafuta ya ziwa Edward, na vita ya 2012. Lakini Goma tunaiona hasa wakati watu wanakimbia.

Kumbe Goma ni muji wa bandari. Maharagi na ndizi vinavuka ziwa Kivu kutoka Minova na Idjwi. Boti zinashusha, chukudu zinabeba, wamama wanauza sambaza. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti kutoka Minova ilizama mbele ya Kituku, watu wengi wakafa. Vita ilikuwa imekata barabara ya Sake, ndiyo maana watu walijaa majini. Picha za msiba zilienea. Ile sababu haikuonekana sana. Hapo ndipo tunalaumu: picha bila sababu haifundishi kitu.

Mwaka 2005 Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa walianzisha hapa tamasha la filme. Basi vijana wetu wanajua kushika kamera. Tunawaomba waende Kituku asubuhi, siku isiyo na msiba, wapige picha ya watu wakitafuta maisha.