Kitabu Gani Kifuate?

Orodha za vitabu vya Kiswahili zimekuwa ndefu, na hilo ni jambo la kushukuru, maana wazee wetu waliojifunza kusoma kwanza walikuwa na Injili, na kitabu cha sala, na cha nyimbo, na baada ya hapo hawakuwa na vingi. Lakini urefu wa orodha umeleta taabu yake. Mtu auzaye kahawa au pamba yake mara moja kwa mwaka, akatenga katika fedha ile bei ya kitabu kimoja, hawezi kununua kitabu kama anunuavyo chumvi. Akichagua vibaya atakaa nacho mpaka mavuno mengine, na watoto wake hawatakuwa na kingine cha kusoma nyumbani. Basi neno hili la kuchagua si la mchezo.

Wasomaji wetu wana njia mbili za kuchagua, nami sizipendi zote mbili. Wengine huifuata orodha toka juu hata chini, kana kwamba ni daftari la kuita majina shuleni. Hao siwasemi sana, kwa kuwa wengi wao huchoka kabla ya kufika cha nne. Wengine humshika mwandishi mmoja wasimwache. Aliyesoma Adili na Nduguze (1952) cha Bwana Shaaban Robert akafurahi, hutaka Kusadikika, kisha Kufikirika, na asiulize habari za mtu mwingine yeyote.

Sisemi kwamba vitabu hivyo havifai. Kusadikika (1951) nakihesabu kuwa bora katika hivyo vitatu. Humo Karama, aliyeshtakiwa kwa sababu ya kufundisha sheria, asimama mbele ya baraza la mfalme na kuhadithia wajumbe sita waliotumwa pande sita, hata mbinguni na chini ya ardhi, na kila mmoja aliporudi na jambo la kuifaa nchi yake malipo yake yalikuwa kifungo. Wengi wameiona Tanganyika ya siku za ukoloni katika nchi ile ieleayo hewani, na nadhani hawakukosea. Walakini angalia majina. Adili ana adili, Hasidi ana husuda, Majivuno ana majivuno. Msomaji aliyekaa mwaka mzima na vitabu vya namna hii huzoea kumjua mwema na mbaya kwa jina, kabla mtu hajatenda neno lolote. Akitoka nje ya nyumba yake atakutana na majirani ambao majina yao hayamwambii kitu.

Njia niipendayo ni nyingine. Ukiisha kukifunika kitabu, kaa kitambo ujiulize kimekuachia swali gani. Kisha katika orodha tafuta kile kinachoweza kulijibu swali hilo, au kubishana na kitabu cha kwanza. Nitatoa mfano mmoja tu, kwa kuwa nauona una maana kwetu.

Uhuru wa Watumwa kilipigwa chapa London mwaka 1934. Mwandishi wake ni Bwana James Mbotela, mwana wa mmoja katika wale mateka waliookolewa baharini na Waingereza. Alikuwa mtu wa Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipowekwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliofunguliwa. Wengine hukiita hadithi ndefu ya kwanza katika Kiswahili. Wengine husema ni historia, si hadithi. Mabishano hayo nayaacha kwa wajuzi. Mimi nasema kwamba kila nyumba ya Kikristo yapasa kukijua, maana ni habari ya baba zetu iliyoandikwa na mtoto wao, wala hakuisikia kwa mgeni. Lakini kina upungufu mkubwa. Mwingereza huja kama mwokozi, Mwarabu kama mnyang'anyi, na mateka mwenyewe amebakiwa na kazi ya kulia na kushukuru. Kitabu kinatuacha twadhani kwamba utumwa ni mnyororo, na mnyororo ukikatwa neno limekwisha.

Je, limekwisha? Hilo ndilo swali, na kwa ajili yake kitabu kifuatacho kiwe Peponi. Hiki ni cha Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994, na Bibi Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Humo kijana Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, achukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri Aziz, ambaye amemdhani kuwa mjomba wake. Hakuna kamba wala mnyororo. Mtoto apanda gari la moshi kwa furaha. Ni baadaye tu, dukani, kijana mwenzake Khalil amwambia kwamba yule si mjomba hata kidogo, na kwamba yeye Yusuf yuko pale rehani kwa deni la baba yake. Tena yule tajiri si mkali. Ni mpole, ana adabu, ananukia vizuri. Asomaye hujikuta anampenda, na hapo ndipo penye uchungu.

Najua wengine watakikasirikia, kwa kuwa hakiwaambii wamchukie nani, na mwisho wake haufariji. Tena si kitabu cha kumpa mtoto wa darasa la nne. Lakini aliyesoma hivi viwili kwa kufuatana atajua jambo ambalo kimoja peke yake hakingemfundisha. Kama bei ni nzito, nyumba tatu zichange zikinunue, kisha zikisome kwa zamu.

Kwa wapenda mafumbo, Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Bwana Muhammed Said Abdulla, pamoja na Bwana Msa na kiko chake, ni burudani njema ya majuma mawili. Zaidi ya hayo sikioni.

Na yule asiyetaka kumwacha Bwana Shaaban Robert kabisa, namwambia asome Wasifu wa Siti binti Saad, habari za yule mwimbaji wa Unguja, binti wa maskini wa Fumba, ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Humo majina hayakutungwa na mwandishi. Jina la kwanza la bibi huyo, alilopewa na wazazi wake, lilikuwa Mtumwa. Siti aliitwa baadaye.