Mtoto aliyelelewa pengine: je, amekatwa kwenye jamaa yake?

Kuna methali moja tunaipenda sana: « Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. » Tunaisema kwa kumsifu mama aliyepokea mtoto wa mwingine na kumlisha kama wake. Ni neno zuri. Lakini siku hizi, wakati wa kugawa mali ya marehemu, ile methali inageuzwa kuwa kisu. Mtoto aliyetolewa akiwa mdogo anarudi kumlilia baba aliyemzaa, na baba wadogo wanamwambia: « Wewe ulilelewa kule, nenda ukarithi kule. » Kisha wanaongeza kwamba hiyo ndiyo desturi ya wakubwa wetu. Hapa tunataka kupima neno hilo: ni desturi kweli, ao ni tamaa iliyovaa nguo ya desturi?

Desturi yenyewe inasema nini

Zamani mtoto alitolewa kwa sababu nyingi: mama alikufa wakati wa kuzaa, shangazi hakujaliwa mtoto, mjomba alikaa karibu na masomo. Tangu vita vya 1996 na vya 1998, na tangu volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto ndani ya Goma tarehe 17 januari 2002, kuna watoto waliojikuta mikononi mwa jirani ao mwa watu wasio wa kabila lao. Mara nyingi hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa.

Tuangalie basi namna jamaa inamtendea mtoto ule. Akitaka kuoa binti wa baba yake mdogo, wazee wote wanasimama: « Hapana, ule ni dada yako, damu ni moja! » Mtu akifa kwenye jamaa, wanamtumia habari alete mchango wa matanga. Mama yake mzazi akizeeka, wanamkumbusha ni tumbo gani lilimbeba. Kila mahali penye mwiko ao mzigo, yeye ni wa jamaa. Ni kwenye shamba na kwenye parsele tu ndipo anageuka mgeni. Damu haiwezi kuwa nzito siku ya matanga na kuwa maji siku ya urithi.

Tena makabila yetu hayafanani. Kwa Bashi na Banande, mtoto anafuata ukoo wa baba, na mali ya ndoa iliyotolewa kwa mama yake ndiyo inamfunga kule. Kwa Babemba na Balamba wa Katanga, mtoto ni wa ukoo wa mama, na watoto wa dada wanamrithi mjomba wao. Njia ni mbili, lakini zote zinauliza mtoto alizaliwa katika ndoa gani ao kwa tumbo gani. Haziulizi alikula kwenye sahani ya nani. Basi wale wanaosema « desturi inamkata », watuonyeshe ni desturi ya nani.

Sheria ya inchi

Kode ya Familia, ni kusema sheria namba 87-010 ya tarehe 1 agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 julai 2016, inaonyesha njia wazi. Mtoto aliyefanywa mwana kwa hukumu ya tribinali anahesabiwa kwa kila jambo kuwa mtoto wa yule aliyempokea. Hata hivyo anabaki na vifungo vyake na jamaa aliyotoka. Watoto wa marehemu wako warithi wa daraja la kwanza, na fungu lao ni robo tatu za urithi. Msichana na kijana wako sawa.

Wengine watalalamika: « Kumbe anakula mara mbili, na ndugu zake wanakula mara moja! » Neno hili lina uzito kwa jamaa yenye shamba dogo, hatulidharau. Lakini tutazame vizuri ni nani anafukuzwa kila siku. Siye yule mwenye hukumu mkononi. Ni yule aliyelelewa kwa huruma tu, bila tribinali. Mtoto wa namna hiyo, mlezi wake akifa bila kuacha testamenti, sheria haimhesabu kati ya warithi. Watoto wa mle nyumbani wanamwambia: « Rudi kwenu. » Akirudi kwao, anaambiwa: « Rudi kwa waliokulea. » Huyu hakuli mara mbili, hakuli hata mara moja.

Sheria nayo ina upungufu wake. Inaomba karatasi kwa watu ambao vita viliwanyanganya hata nyumba. Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa anarithi kama baba alimkubali angali hai. Kode inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, lakini kama baba alikufa kimya, wajomba na baba wadogo ndio wanabaki na ufunguo wa mlango.

Kinachotakiwa kufanyika

Wazazi waliotoa mtoto, waseme mbele ya wazee, na waandikishe jina lake kwenye biro ya etasivili wakiwa wazima. Walezi wanaotaka mtoto arithi kwao, waende tribinali ao waandike testamenti, maana upendo peke yake hausomwi na jaji. Na yule mkubwa wa warithi, ambaye sheria inamweka kwanza katika kazi ya kugawa urithi, asihesabu wale tu walio kwenye kiwanja siku ile. Aulize kwanza: « Baba alizaa watoto wangapi, na wako wapi? »

Methali yetu tuirudishe pahali pake. Ilitungwa kwa kumshukuru mlezi. Haikutungwa kwa kumfukuza mtoto.