Glavu za Ndani Huvuliwa Mwisho

Mwaka 1976 hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire, ilikuwa ikitoa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote, wa nje na wa wodini. Matano tu, na foleni ya mamia. Bomba likishamchoma mmoja lilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, likamchoma anayefuata. Ebola ilipobisha hodi, wafanyakazi 11 kati ya 17 walifariki.

Kulaumu leo ni rahisi. Ila Yambuku inaonyesha uuguzi ni nini hasa: ufundi wa mikono, ambao hatua yake moja ikirukwa, wodi yenyewe inakuwa njia ya ugonjwa.

Mwaka huohuo, mjini Kinshasa, muuguzi kijana Mayinga N'Seka alimhudumia mtawa aliyeletwa kutoka Yambuku. Akaambukizwa, akafariki Oktoba. Aina ya kirusi iliyopatikana katika damu yake inaitwa Mayinga mpaka leo.

Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Chanjo hakuna, dawa hakuna. Katika hospitali ya St. Mary's Lacor, Dk. Matthew Lukwiya alifungua wodi ya kutenga wagonjwa, na waliojitolea kuingia humo wakajifunza jambo lisilo na mvuto wowote kwa mtazamaji: kuvua nguo.

Kuvaa, kila mtu anaweza. Zamu inapoisha muuguzi amelowa jasho, miwani imeingia ukungu, mwili wote unadai hewa. Na hapo ndipo anapotakiwa kwenda taratibu. Glavu za nje zinaoshwa kwanza kwenye maji ya klorini. Aproni inafuata, kisha gauni. Miwani inashikwa kwa mkanda wa kisogoni, kwa sababu mbele ndiko matapishi yalikorukia. Barakoa vivyo hivyo. Glavu za ndani mwisho, halafu mikono. Hata ndoo zina kanuni: jiki ya asilimia 5 sehemu moja kwa maji sehemu tisa ni ya vifaa na uchafu, ya mikono huzimuliwa mara kumi zaidi. Anayezichanganya ataunguza ngozi, au ataacha kirusi kikiwa hai.

Usiku mmoja Lukwiya alikimbilia kumwokoa muuguzi aliyezidiwa. Wenzake waliamini hakuwa amevaa miwani. Alifariki tarehe 5 Desemba. Lacor ilipoteza watumishi 13, yeye akiwamo. Kati ya watu 425 waliougua Uganda, 224 walikufa.

Na ndani ya mavazi hayo kazi ni ileile ya siku zote: kunywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, kuandika mkojo umetoka kiasi gani, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumwita kwa jina maana haoni uso wa muuguzi. Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ulipoingia Kagera, Tanzania, mwaka 2023, nao haukuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Waliougua walikuwa tisa. Sita walifariki, watatu waliopona walitegemea uangalizi wa namna hiyo.